Ruksa Haikuwahusu Mbuzi

Mjini Bariadi kila mtu alimwita Bwana Mifugo, hata mke wake, hata pale alipokuwa anamwita aje kula. Jina lake halisi nililisikia mara moja tu, alipoitwa kutoa ushahidi mahakama ya mwanzo katika kesi ya nguruwe, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshalisahau. Halikumkaa.

Mimi na yeye tulitenganishwa na ua wa minyaa. Upande wangu kulikuwa na mimi mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi, kuku wachache, na mbuzi jike wa maziwa niliyemfuga kwa sababu mshahara wa ualimu ulikuwa unakuja kama mgeni, haijulikani lini. Upande wake kulikuwa na yeye, mke wake, watoto wao, na sheria ndogo za halmashauri.

Sheria hizo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziona zimeandikwa. Alikuwa nazo kichwani, na alizitoa moja baada ya nyingine kadiri sisi tulivyozidi kukosea. Mbuzi na kondoo wasizurure mjini. Nguruwe afungiwe bandani. Mbwa achanjwe, na mchana afungwe. Ng'ombe wa mnadani wapite njia ya nyuma, siyo mbele ya benki. Mnyama wa porini asifugwe bila kibali. Siku za gulio alipanda juu ya kreti la soda na kipaza sauti chake cha betri, akayatangaza hayo yote kwa watu waliokuwa wanachagua mitumba na hawakumgeukia.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yanakimbizana kuifuata pamba Kasoli na Nkoma, maghala ya ushirika yamebaki na popo. Mtu akizuiwa jambo lolote alijibu ruksa. Mama mmoja muuza dagaa, mbuzi wake alipokamatwa anakula maboksi mbele ya stendi, alipiga kelele:

"Bwana Mifugo, wewe hukusikia? Serikali imesema ruksa!"

Yeye akamjibu kwa kipaza sauti, akimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ingawa walisimama hatua mbili tu kutoka mmoja kwa mwenzake. "Ruksa ni ya binadamu, mayu. Mbuzi bado hajatangaziwa."

Soko zima lilicheka. Mbuzi akaenda zizini.

Lazima niseme ukweli kwamba alikamata kwa adabu. Sikuwahi kumwona akimpiga mnyama. Alimshika mbuzi pembe, akamwinamia na kumwambia kwa upole, "Twende, mama, twende," na mbuzi wakamfuata wakiamini wanapelekwa kwenye majani. Huko kwenye zizi la halmashauri walikuta maji safi na kivuli. Jirani na zizi ndiko kulikokuwa na mahabusu ya polisi, na waliowahi kulala humo walituambia kwamba kama ingewezekana wangeomba kuhamishiwa upande wa pili.

Mbuzi wangu alikamatwa mara nyingi hadi akawa anajua njia. Nilipolalamika juu ya ua, jioni, Bwana Mifugo akiwa ananawa miguu, alinijibu: "Mwalimu, jirani ni jirani, kifungu ni kifungu." Asubuhi yake alimtuma mke wake aniletee kibakuli cha maharage kunipoza. Niliyala. Yalikuwa matamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Alivaa viatu vya mpira virefu masika na kiangazi, kanisani na msibani. Alinuka dawa ya josho kiasi kwamba kupe, tulisema, wakimwona wanajiua wenyewe. Na alikuwa na pikipiki. Ilitoka kwa mradi mmoja wa wafadhili, ikakabidhiwa kwake kwa sherehe na hotuba, halafu mradi ukaisha na petroli ikaisha siku hiyo hiyo. Mtu mwingine angeiacha nyumbani akaenda kazini kwa miguu. Bwana Mifugo aliisukuma. Kila asubuhi alipita mbele ya shule yetu akisukuma pikipiki, jasho linamtiririka, kofia ngumu ya chuma kichwani imefungwa kamba chini ya kidevu. Nilimuuliza kofia ni ya nini hali pikipiki haiwaki.

"Mwendesha pikipiki anatakiwa avae kofia," alisema.

"Lakini huendeshi, unasukuma."

"Sheria haijasema kama injini iwe inawaka."

Mradi huo huo ulimwachia beberu wa kisasa, mweupe, mkubwa kama ndama, masikio yamening'inia kama mikono ya shati. Alikusudiwa kuboresha mbuzi wa wilaya nzima. Beberu huyo hakujua zizi wala kamba. Alizunguka mji mzima usiku na mchana, akaingia bustanini kwangu akamaliza kunde zote, akaingia ofisi ya posta, akapanda meza ya muuza karanga. Nikamfuata Bwana Mifugo nikiwa na furaha ya mtu aliyemkamata hakimu akiiba.

"Beberu wako anazurura," nikamwambia.

Alinitazama kwa huzuni, kana kwamba mimi ni mwanafunzi mzuri anayeanza kuharibika. "Huyo hazururi, mwalimu. Huyo yuko kazini."

Na kwa wakubwa alikuwa hivyo hivyo. Diwani wetu alikuwa na ng'ombe wengi, na ng'ombe hao walipita mbele ya benki kila siku wakiacha alama zao hadi kwenye ngazi. Siku moja Bwana Mifugo alijisahau, akawaswaga wote hadi zizini, akafunga mlango. Mji ulisimama kuangalia. Kabla ya saa sita mlango ukafunguliwa na ng'ombe wakatoka wakipita njia ile ile ya benki, na Bwana Mifugo amesimama pembeni, mikono imenyooka chini kama askari kwenye gwaride. Fundi viatu aliyekaa kibarazani pale alimuuliza kulikoni.

"Hawakuwa wanazurura," alijibu. "Nimepewa maelekezo. Walikuwa kwenye msafara."

Fundi viatu huyo ndiye aliyekuja kuchanjwa kichaa cha mbwa. Maana Bwana Mifugo, mtu wa sheria za mbwa, aliogopa mbwa kuliko kitu chochote duniani. Siku ya chanjo mwenye mbwa alitakiwa amshike mbwa wake kwa nguvu, naye Bwana Mifugo alikuja kwa ubavu, mkono umenyooka mbele na sindano, macho ameyafumba. Fundi viatu alimshika mbwa wake vizuri kabisa. Mbwa ndiye aliyegeuka. Sindano ikaingia pajani kwa fundi. Bwana Mifugo alipofumbua macho na kuona, aliomba radhi sana, kisha akamwambia kwa upole kwamba mbwa bado hajachanjwa. Fundi yule bado mzima, na sisi tulikuwa tukimwambia yeye ndiye mkazi pekee wa Bariadi ambaye mbwa akimuuma, mbwa ndiye anayepaswa kuogopa.

Hivyo ndivyo tulivyomjua: mtu wa kuchekwa, mkali kwa wauza dagaa na mpole kwa diwani. Nilikuwa nacheka pamoja na wengine, na nilikuwa nacheka kwa sauti. Kisha ikaja habari ya shangazi yangu.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mjane katika kijiji kimoja mbele ya Kasoli. Watoto wake walikufa wadogo, mume akafuata. Alibaki na nyumba ya tope, mbuzi wachache aliolala nao chumba kimoja kwa kuogopa wezi, na majaruba ya mpunga kando ya mto, udongo mweusi mzuri ambao zamani haukuwa na maana kwa mtu yeyote. Biashara ya mchele ilipofunguliwa na malori yakaanza kuufuata hadi kijijini, majaruba yale yakawa mali. Na mpwa wa marehemu mume wake, aliyekuwa anapita pale kwa shangazi bila hata kumwamkia, akaanza kumwamkia.

Mwaka huo fisi walikula ndama wengi kijijini. Shangazi hakupoteza hata mbuzi mmoja, kwa sababu mbuzi wake walilala ndani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za mabua ya pamba aliouvuta maisha yake yote. Mpwa akasema vitu hivyo viwili pamoja, macho mekundu na mbuzi wasioliwa, akavisema kwenye kilabu cha pombe, kisimani, na mwisho kwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji wenye pinde na filimbi. Mayu huyu, alisema, anafuga fisi, kama wachawi wanavyofanya.

Habari ililetwa kwangu na mwanakwaya mwenzake shangazi, mama mtu mzima aliyetembea kutoka alfajiri. Hakukaa hata alipopewa kiti.

"Kesho mchana wanakaa kikao," alisema. "Mwalimu, unajua vikao hivyo. Wakimaliza, mayu hatakuwepo."

Nilijua. Wote tulijua. Katika vijiji vyetu vikongwe wengi waliondoka kwa njia hiyo, na asubuhi yake watu walikwenda shambani kupalilia.

Nilikimbilia polisi. Askari aliyekuwa zamu alinisikiliza vizuri, akaniambia gari halina mafuta, na kwamba tukio likishatokea nirudi kuliripoti. Nilikwenda kwa diwani. Nilimkuta anakula, akaninawisha mikono, akanikaribisha, akaniambia mambo ya mila ni mazito na wazee wana utaratibu wao. Nikarudi nyumbani nikakaa chini ya ua wa minyaa, nikalia kama ninavyojua kulia, bila kujizuia.

Kichwa chenye kofia ngumu kikatokeza juu ya ua.

"Mwalimu, kuna msiba?"

"Bado," nikasema. Nikamweleza. Sikumweleza kwa kutaka msaada. Nilimweleza kwa sababu alikuwa pale.

Alisikiliza hadi mwisho. "Wanasema anafanya nini hasa?"

"Wanasema anafuga fisi."

"Anafuga?"

"Ndivyo wanavyosema."

Alishuka kutoka juu ya kile alichokuwa amekanyaga, nikamsikia anazunguka ua hadi akatokea mlangoni kwangu. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya gulio. "Kufuga ni idara yangu," alisema.

Hakuwa anatania. Katika miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kumsikia akitania.

Petroli aliipata kwa dereva mmoja wa lori la pamba, kwa njia ambayo hakuitaja, na mimi sikuuliza. Kesho yake asubuhi pikipiki ile iliwaka kwa mara ya kwanza tangu hotuba za mradi, ikatoa moshi mweusi, na watoto wa mtaa wakaikimbilia wakishangilia kama ndege inaruka. Nilipanda nyuma. Tulipokaribia Kasoli aligeuza shingo.

"Mwalimu, huyo fisi mchana anamfungia wapi?"

"Hakuna fisi, Bwana Mifugo!"

"Nauliza tu."

Petroli iliisha kabla hatujafika kijijini. Alishuka, akaanza kusukuma, kofia kichwani, na mimi nikasukuma kwa nyuma. Ndivyo tulivyoingia kwenye kikao, kwa jasho, bila mlio wowote.

Walikuwa wamekaa mbele ya ghala la zamani la ushirika. Wanaume wenye pinde walizunguka pande tatu. Wanawake walisimama mbali, wamejifunga kanga vizuri, kimya. Shangazi alikuwa amekaa chini katikati, miguu ameinyoosha, kichwa wazi. Aliponiona aligeuza uso pembeni, ili nisitambulike kwamba ni wake.

"Mwadila!" Bwana Mifugo aliwasalimia kwa Kisukuma. Wakaitikia, maana salamu haikataliwi. Akaegesha pikipiki, akahakikisha imesimama vizuri, akasogea mbele. "Mimi ni Bwana Mifugo wa mjini. Nimeletewa taarifa kuna mtu hapa anafuga mnyama wa porini. Nani mmiliki?"

Mpwa alinyoosha kidole. Alikuwa kijana mzuri wa umbo, amevaa saa mpya. "Huyo hapo."

"Ana fisi wangapi?"

"Mmoja," mpwa akasema. "Au wawili."

"Dume au jike?"

Mpwa akawatazama wenzake. "Bwana Mifugo, huyu ni fisi wa kichawi. Haangaliwi hivyo."

"Sheria haikutenganisha wa kichawi na wa kawaida. Ana kibali?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akanyamaza. Kamanda wa sungusungu, mtu mzima mwenye kifua kipana na upinde magotini, alinyanyua mkono.

"Baba," alisema taratibu, "umekuja vizuri, tumekusalimia vizuri. Sasa rudi mjini ukakamate mbuzi. Shughuli ya hapa siyo ya serikali."

Nyuma yake kijana mmoja alikuwa ameshaweka mshale kwenye uzi. Hakuulenga popote, aliushika tu hivyo. Nilimwangalia Bwana Mifugo nikaona suruali yake inatetemeka juu ya vile viatu vya mpira. Nilijua anachokifanya akitetemeka. Nilikuwa nimemwona mbele ya ng'ombe wa diwani. Nilisubiri anyooshe mikono chini na kusema shangazi yuko msafarani.

"Nitarudi," alisema. "Lakini kwanza nitangaze. Mahali penye fisi wa kufugwa kuna hatari ya kichaa cha mbwa, na kimeta, na mengine. Kwa hiyo kuanzia saa hii kijiji hiki kiko karantini. Ng'ombe hatoki. Mbuzi hatoki. Hata ngozi haitoki. Mnada wa kesho kutwa hamwendi."

Nilisikia popo wakijisogeza ndani ya ghala.

"Mnada?" akauliza kamanda.

"Hamwendi."

Kamanda huyo, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa na mafahali aliowanenepesha tangu masika kwa ajili ya mnada huo huo. Karibu kila mwenye upinde pale alikuwa na mnyama wa kuuza. Pamba ilikuwa imeuzwa kwa bei mbaya mwaka huo, na mnada ndio uliobaki.

"Mpaka lini?"

"Mpaka fisi akamatwe, apimwe."

"Na kama hakamatiki?"

"Basi mpaka atakapokamatika. Na mama huyu asiguswe. Mwenye mnyama akifa, itabidi nianze uchunguzi upya kwa kila mwenye zizi humu kijijini, ili nijue fisi amerithiwa na nani."

Kamanda aliweka upinde chini. Akamgeukia mpwa polepole. "Wewe. Ulimwona huyo fisi?"

"Kila mtu anajua, kamanda."

"Sikuuliza kila mtu. Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilisikia."

"Kwa nani?"

Mpwa alifungua mdomo, akazungusha macho akitafuta wa kumtaja. Watu wote waliokuwa wamekaa karibu naye walianza kusogea, kidogo kidogo, kama mtu anavyosogea kwenye moto unaorusha cheche. Mwisho alibaki peke yake na saa yake.

"Kijiji hiki hakina fisi wa kufugwa," kamanda akasema kwa sauti ya kutangaza. "Bwana Mifugo, ondoa karantini."

"Siwezi kuondoa bila ukaguzi," alisema Bwana Mifugo.

Nikatamani kumpiga. Tulikuwa tumeshinda, na yeye anataka ukaguzi! Lakini aliuzunguka mkutano, akaenda hadi nyumba ya shangazi, na kijiji kizima kikamfuata. Alisimama mlangoni muda mrefu, mkono umeshika fremu. Nikadhani anaogopa mishale nyuma yake. Kisha akafumba macho, akainama, akaingia. Tulisikia vyungu vikisogezwa. Alitoka na utando wa buibui kwenye kofia.

"Sijaona fisi," alitangaza. "Nimeona mbuzi ambao hawajachanjwa. Na kulala na mbuzi chumba kimoja hairuhusiwi."

Siku hizi nasikia watu wa kule wakisimulia jinsi kijiji kilivyomhurumia mayu. Kijiji kilihurumia mafahali. Kesho kutwa yake walikuwa mnadani, na wakauzwa vizuri. Mpwa hakuadhibiwa kwa lolote. Shangazi hakuweza tena kuishi pale, na msimu uliofuata majaruba yalilimwa na mpwa, kwa amani, mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyeniambia kifungu cha jambo hilo, na nilipomuuliza Bwana Mifugo alisema ardhi siyo idara yake.

Shangazi akahamia kwangu na mbuzi wake. Nilidhani atamshukuru aliyemwokoa. Kwa wiki moja alimshukuru, "wabeja, wabeja," kila akimwona juu ya ua. Wiki ya pili mbuzi wake watatu walikutwa wanakula bendera ya ofisi ya chama, na Bwana Mifugo akawakamata. Tangu siku hiyo shangazi, kila asubuhi akifagia, alimtukana kwa Kisukuma kizuri cha zamani ambacho wanafunzi wangu hawakijui tena, kuanzia viatu hadi kofia. Naye alimjibu kwa heshima kubwa, akiwa mbali: "Mayu, kifungu kinasema." Sikuwahi kumwona akivuka ua kuja kwetu tangu shangazi ahamie. Hata salamu za sikukuu alizitoa akiwa upande wake.

Ruksa ilimfikia naye mwishowe, lakini kwa mlango wa nyuma. Serikali ikawa inapunguza wafanyakazi, na kati ya waliopunguzwa alikuwemo. Josho lilikauka, likageuka shimo la takataka. Kipaza sauti kikachukuliwa na kanisa moja jipya. Siku aliyofungasha mizigo, wauza dagaa waliimba sokoni, na mbuzi wakalala barabarani mbele ya benki, wao na ng'ombe wa diwani, usawa wa kwanza wa kweli niliouona mjini petu. Alikwenda Nassa, kwa wakwe zake, kulima na kufuga. Hakuaga watu wengi. Kwangu aliaga juu ya ua.

Miaka ikapita. Mwezi mmoja wa kiangazi nilikuwa uani napepeta mchele, nikasikia hodi. Alikuwa yeye. Amepungua, viatu vya kawaida vya ngozi, mtoto wa jicho ameanza kulifunika jicho moja. Amekuja hospitali ya wilaya kutazamwa macho, akakumbuka ujirani. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Nikampa kigoda, nikampa chai. Tukacheka habari za beberu na za fundi viatu, au nilicheka mimi, yeye alitikisa kichwa. Ndipo nikamuuliza jambo nililokuwa nalo miaka yote.

"Bwana Mifugo, siku ile ghalani. Yale ya karantini uliyapanga tangu nyumbani? Ulijua utawashika kwa mnada?"

Alishangaa. "Kuwashika? Mwalimu, karantini ilikuwa karantini. Penye fisi inawekwa."

"Lakini hapakuwa na fisi."

Akatazama mlango wa nyumba, akasogeza kigoda karibu nami, akashusha sauti, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akifanya.

"Alikuwepo," alisema. "Mimi naamini hadi leo. Mama yule alikuwa anamfuga. Nilipoingia ndani nilijua nakutana naye, na nilishamuaga mke wangu."

Ungo ulinitulia mikononi. "Ulikuwa unaamini shangazi yangu ni mchawi?"

"Naamini."

"Sasa kwa nini ulikwenda?"

Alinitazama kwa lile jicho zima, kwa huzuni ile ile ya zamani, kana kwamba mimi, mwalimu mzima, nimeshindwa swali la darasa la pili. "Kufuga mnyama wa porini bila kibali adhabu yake ni faini, mwalimu. Ni faini tu. Wale walitaka kumuua. Wapi imeandikwa auawe?"

Mlango wa nyumba ukafunguka, shangazi akatoka, mkongojo mkono mmoja, sahani ya michembe mkono wa pili, vile viazi vikavu anavyovichemsha na karanga. Alikuwa amezeeka kabisa, macho mekundu vilevile. Alimsogelea hadi karibu, akamkagua usoni.

"Ni wewe," alisema. "Mkamata mbuzi. Umekonda, baba. Wakwe hawakulishi?"

Akachukua kipande cha kiazi kwa vidole vyake mwenyewe, akakinyoosha.

Bwana Mifugo alikitazama kile kiazi. Akanitazama mimi, akautazama mlango wa kutokea uani. Akaiweka chai chini. Mkubwa amekupa chakula kwa mkono wake, na wewe uko uani kwake, mgeni, hukatai.

Alipokea kwa mikono miwili. Akafumba macho, akala.